Neno la Kwanza

Jumapili, tarehe 4 Mei

Kwako Mwalimu wangu,

Salamu ni nyingi, zipokee zote usibague. Mimi mzima kuliko wazima. Kama umesimama, kaa. Kama umeshika pasi, iweke chini usije ukaunguza shuka za wagonjwa ukafukuzwa kazi, maana habari hii ina moto kuliko pasi yako.

Baba yako anapanda jukwaani.

Si kubeba kiti. Si kufagia. Si kuvuta kamba ya pazia, kazi niliyoifanya miaka thelathini na minne katika ukumbi huu mpaka watu wakalisahau jina nililopewa na mama yangu wakaniita Kamba. Naenda kuimba. Mchezo mzima wa nyimbo, saa moja na robo, nyimbo saba, watu sita, na wote sita ni mimi. Mfalme mimi, bibi harusi mimi, mama mkwe mimi, askari mimi, mwizi mimi. Wa sita ni mvuta pazia, na huyo simwigizi, huyo nimezeeka naye.

Usicheke. Nimekusikia. Hao waimbaji wakubwa waliopita hapa, ni nani aliyekuwa akiwanong'oneza maneno nyuma ya pazia walipoyasahau? Makofi wakapigiwa wao. Sasa zamu yangu. Ng'ombe hazeeki maini, na Kamba hazeeki koo.

Tena sijaanza kwa kukurupuka. Niliwaandikia kile kikundi kikubwa cha michezo ya nyimbo, wale wanaozunguka miji na basi lao jekundu. Niliandika siku tatu, mkono ukavimba. Nikawaambia nina miaka sabini na moja, sijawahi kupanda jukwaani, nichukueni. Wakajibu! Karatasi ngumu, mhuri wa bluu. Neno la kwanza limesimama peke yake, na nukta mbele yake kama askari mlangoni: Tunasikiliza.

Umeona watu wazima wanavyoongea? Hawakusema tutaangalia, hawakusema rudi kesho. Wamekaa mkao wa kusikia. Basi nimeomba ukumbi Jumamosi tarehe 14 Juni, saa kumi jioni, nikawapelekea taarifa ya siku. Nimewahi kwa sababu mwezi huo huo ukumbi unafungwa, unageuzwa ghala la magodoro. Kiti cha katikati safu ya mbele nimekifunga kitambaa chekundu, ni cha mtu wao. Cha pembeni yake ni chako. Wakishanisikia naondoka nao.

Ni mimi baba yako,
Kamba Mwenyewe, Koo la Shaba


Jumapili, tarehe 11 Mei

Baba, shikamoo.

Pasi niliiweka chini kama ulivyoamuru. Wenzangu hapa dobini wakauliza, "Kuna msiba?" Nikawaambia hapana, baba yangu anakuwa bibi harusi. Wamecheka mpaka msimamizi akaja.

Usinune. Mimi nimekusikia ukiimba tangu nikiwa mgongoni kwa mama, najua sauti ilikuwepo. Lakini meno mawili ya mbele yalikuaga mwaka juzi, na tangu hapo ukisema "askari" inatoka filimbi. Na kile kifua? Ulisema utakwenda kupimwa. Ulikwenda?

Kile chumba cha uani nimekipaka rangi. Dirisha lake linafunguka vizuri sasa, na kitanda nimekisogeza upande usio na upepo. Kinakusubiri tangu tumzike mama. Miaka mitatu unaniambia "mwakani." Njoo ukae, uwaimbie wajukuu wako, wao hawana mhuri wa bluu lakini watakupigia makofi.

Na hiyo barua ya kikundi, naomba uninakilie neno kwa neno kama ilivyo. Usitie chumvi. Hukuitwa Kamba bure, na kamba za uongo umeshanipiga nyingi.

Mwanao,
Mwalimu (wa kupiga pasi)


Jumapili, tarehe 18 Mei

Mwalimu wangu,

Kifua hakina neno. Filimbi nimempa mwizi. Kila akiimba anapiga filimbi kwa meno yake yasiyokuwepo, na watu watadhani nilifanya mazoezi ya miaka. Ndiyo akili hiyo! Mwenye meno yote angeipata wapi?

Shela ya bibi harusi nimekata kwenye pazia la zamani, lile la rangi ya damu ya mzee. Koti la mfalme ni la mlinzi aliyestaafu. Nafanya mazoezi kila siku baada ya kufagia, na Bwana Funguo anakaa mlangoni na mafungu yake ya funguo kunikatisha tamaa. Unamkumbuka, mtunza ukumbi, yule mwenye shingo fupi. Jana ananiambia, "Kamba, hilo ni koo au ni mlango usiotiwa mafuta?" Nikamjibu, "Mlango usiotiwa mafuta ndio unaosikika nyumba nzima." Akaenda kufungua choo ambacho hakikuwa kimefungwa.

Chumba chako cha uani nashukuru, lakini weka viazi. Hata hiki changu cha kupanga nimekirudisha kwa mwenye nyumba, kuanzia siku ya onyesho. Keshapata mpangaji, fundi viatu na mkewe. Msanii wa kuzunguka na ufunguo wa nyumba wapi na wapi?

Barua yao hii hapa. Nimezichora herufi moja moja kama zilivyokaa, hata mikia yake, ili usije ukasema nimetia chumvi:

TUNASIKITIKA. KWA UMRI WAKO, NA KWA KUWA HUJAWAHI KUPANDA JUKWAANI, HATUNA NAFASI YA KUKUPA. TUNAKUTAKIA KILA LA HERI. KATIBU.

Haya, nani mpiga kamba sasa? Neno la kwanza si ndilo hilo nililokwambia? Umri wangu wameutaja kwa heshima. Jukwaa wamelitaja. Nafasi ipo. Mwisho kila la heri. Mengine ya katikati sikujisumbua nayo. Barua za wakubwa mambo yote yako juu, chini ni adabu tu.

Baba yako,
Kamba, Mfalme na Bibi Harusi


Jumapili, tarehe 25 Mei

Baba, shikamoo.

Barua imefika. Nimeisoma.

Naomba kitu kimoja. Lile neno lao la kwanza, lisome tena. Usiliangalie mwanzo ukaruka. Liwekee kidole, uende nalo polepole mpaka herufi ya mwisho. Fanya hivyo kwa ajili yangu.

Na chumba, je, hakirudi? Mwambie mwenye nyumba umebadili mawazo. Fundi viatu atapata kwingine, yeye ana miguu.

Barua hii nimeianza mara nne. Nimechoka tu, kazi zimekuwa nyingi.

Mwanao


Jumapili, tarehe 1 Juni

Mwalimu,

Nimelisoma tena. Nimelisoma nimesimama katikati ya jukwaa, kwa sauti ya mfalme: Tunasikiliza! Nikalisoma kwa sauti ya mama mkwe. Nikalisoma mara kumi, na kila mara linazidi kuwa tamu. Asante kwa wazo hilo, nimeliingiza kwenye mchezo. Mfalme akiingia, askari anatangaza: "Tunasikiliza!"

Lakini nakujua. Barua yako ilikuwa fupi kama kamba ya kujinyonga. Unaona haya kwamba baba yako atavaa shela mbele za watu. Sema. Miaka thelathini na minne nimevuta pazia watu wengine waonekane, na siku moja tu ninayotaka kuonekana mimi, mwanangu ananiletea habari za fundi viatu.

Bwana Funguo naye kaanza. Nimebandika tangazo mlangoni, nimeliandika kwa mkono wangu: ONYESHO LA MTU MMOJA. Akasimama mbele yake, mikono nyuma, kama mkaguzi. "Kamba, mtu mmoja anayeimba au mtu mmoja anayetazama?" Nikamwambia utaona siku hiyo, utakosa pa kukaa. "Haya, hebu nipe hiyo barua ya kikundi niisome na mimi nifurahi." Nimpe? Mwenzangu huyo ananiona kila asubuhi nimeshika gazeti. Nani kamwambia kwamba nilifundishwa kusoma na mtoto wa darasa la tatu, kwa mkaa, juu ya sakafu ya jiko?

Unakumbuka? Wenzako walikuwa wanaruka kamba nje, wanakuita. Nami nimekwama kwenye neno. Ukanyanyuka ukaniambia, "Baba, ukiona mwanzo wa neno, mwisho wake utajijua wenyewe." Ukakimbia. Sijapata kufundishwa jambo la maana kuliko hilo. Kwa hilo nimesoma maisha yangu yote. Ndiyo sababu nakuita Mwalimu mpaka leo, na si kwa utani kama unavyodhani.

Utakuja au hutakuja? Nijibu kwa neno moja.

Baba yako,
Kamba


Jumatano, tarehe 4 Juni

Kwa Katibu wa Kikundi,

Mimi ni binti wa yule mzee wa miaka sabini na moja mliyemwandikia mwezi wa nne. Hakuielewa barua yenu. Anafanya onyesho Jumamosi tarehe 14, saa kumi jioni, na anaamini mmoja wenu atakuja. Nafasi siombi tena. Naomba mtu mmoja tu aje, hata dereva wa basi, akae kwenye kiti cha mbele chenye kitambaa chekundu mpaka mwisho. Asiseme lolote. Nauli yake nitatoa mimi.

Mpiga pasi, Dobi la Hospitali


Jumamosi, tarehe 7 Juni

TUNASIKITIKA. SIKU HIYO KIKUNDI KIZIMA KITAKUWA SAFARINI. TUNAMTAKIA MZEE KILA LA HERI.

KATIBU


Jumanne, tarehe 10 Juni

Nasikitika.

Baba, sina neno jingine la kuanzia, nimelitafuta wiki tatu. Wale watu hawakuandika kwamba wanasikiliza. Waliandika kwamba wanasikitika. Maneno hayo yanaanza sawa na kuachana mwishoni, na wewe uliishia pale yanapofanana. Walisema hawana nafasi, kwa sababu ya umri, na kwa sababu hujawahi kupanda. Hakuna mtu atakayekuja. Nimewaandikia mwenyewe nikawaomba hata dereva. Hakuna.

Kuandika unajua kwa sababu unaufuata mdomo wako. Kusoma ndiko unakokimbia. Na kukimbia huko nilikufundisha mimi. Nilikuwa na miaka tisa, sikutaka kukaa jikoni, nikakudanganya ili niende zangu. Nilipopata barua yako ya tarehe kumi na nane nilikaa kwenye rundo la shuka chafu nikasikia sauti yangu ya utoto: mwisho wake utajijua wenyewe.

Umetaka neno moja, nitakupa la kweli. Sitakuja. Ruhusa nimepewa, nauli ninayo. Siwezi tu kukaa pembeni ya kiti kile nikakutazama ukikiimbia.

Usipande, baba. Funga mzigo wako uje. Nitakuwa kituoni Jumapili, basi la kwanza mpaka la mwisho.

Mwanao


Jumapili, tarehe 15 Juni

Mwalimu,

Barua yako ililetwa jana asubuhi. Nilikuwa nimeshavaa koti la mfalme, vifungo vimenishinda, nikaifungua kwa meno yaliyobaki. Nikaona neno la kwanza, peke yake, na nukta, kama walivyofanya wao. Nasikiliza.

Nikasema, huyu ndiye mwanangu. Hana nafasi ya kuja kwa miguu, kaja kwa sikio. Sikusoma zaidi. Muda ulikuwa mdogo, na mwisho si ungejijua wenyewe. Nikaiweka barua yako juu ya kiti chako, nimeifungua, nikaiegemeza ili inielekee.

Ukumbi huu una viti mia mbili na arobaini. Saa kumi ilipofika, Bwana Funguo alikuwa mlangoni. Wakaja wanaume wawili, moyo ukaruka. Walikuwa na kamba ya kupimia. Wale wa magodoro. Wakapima ukuta wa kushoto nikiwa mfalme, wakapima wa kulia nikiwa askari. Mmoja akaniuliza, "Mzee, hili jukwaa linang'oka?" Nilikuwa katikati ya wimbo, nikaendelea kuimba. Wakaondoka.

Kiti cha kitambaa chekundu kilikaa hivyo hivyo. Nikasema basi lao limepata pancha. Nikaurefusha wimbo wa mama mkwe, nikamrudisha mwizi ambaye alishakamatwa, nikamkamata tena. Kwenye wimbo wa tano kifua kikakataa. Sikwenda kupimwa, Mwalimu, nilikudanganya. Sauti ikatoka kama ya kuku aliyekanyagwa, halafu haikutoka kabisa. Wimbo wa sita na wa saba nilizinong'ona. Miaka yote nimewanong'oneza wengine maneno yao wakayaimba kwa nguvu. Jana nilinong'ona mimi na hakukuwa na mtu wa kuimba. Nikakitazama kiti chako tu. Nikajiambia karatasi ile inasikia, haihitaji sauti kubwa.

Nilivuta pazia mwenyewe likafunga. Hakuna kofi hata moja. Nikalifungua tena, pengine hawakujua kwamba nimemaliza. Nikasahau kwamba hawapo.

Bwana Funguo akaja kukusanya viti. Akaiokota barua yako. Alikuwa anataka kunipa tu, lakini macho ni macho. "Kamba, binti yako anasikitika nini?"

Nikamwambia, "Soma vizuri wewe, vaa miwani." Akaweka kidole. Na. Si. Ki. Ti. Ka.

Mimi nikaitoa ile ya kikundi mfukoni. Sikumpa. Nikaweka kidole changu mwenyewe na kwenda nacho mpaka herufi ya mwisho, kama ulivyoniambia tarehe ishirini na tano. Ti. Ka. Nikarudi nyuma nikaanza tena, huenda nilikosea njia. Ti. Ka.

Ajabu ya neno, Mwalimu. Lile la furaha lina "liza" ndani yake. Hili halina "liza" hata kidogo, na ndilo lililoniliza.

Bwana Funguo alikaa kwenye kiti cha kitambaa chekundu. Nilitegemea utani, nikajiandaa. Akasema, "Nilijua zamani kwamba husomi. Mwaka wako wa kwanza hapa ulilishika gazeti kichwa chini mpaka saa nne." Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Miaka yote hiyo nikifunua kurasa mbele yake, na yeye ananisubiri nifike mwisho wa ukurasa ndipo anisalimie.

Barua yako yote nimeimaliza leo adhuhuri. Nimeisoma herufi kwa herufi, hakuna niliyoiruka. Kwa hiyo najua uko kituoni sasa hivi, unatazama mabasi. Rudi nyumbani. Nilipofika kwenye sentensi hiyo, basi la asubuhi lilikuwa limeshaondoka, na la jioni sitapanda. Chumba chako mpe mtu mwingine, kama si viazi. Nikija utanihurumia kila nikishika karatasi, na wajukuu wangu watanisomea. Mimi si mtu wa kusomewa. Nitakufa na kiburi changu, ndicho pekee ambacho hakikuhitaji ukumbi.

Fundi viatu amehamia jana hiyo hiyo nikiwa jukwaani. Mzigo wangu uko nyuma ya pazia, nalala juu ya shela. Ijumaa magodoro yanaletwa, elfu moja wamesema, hata moja si langu, na kufuli inabadilishwa. Bwana Funguo naye ameambiwa arudishe mafungu yote.

Ile habari ya jikoni usijilaumu. Ulikuwa na miaka tisa, na kamba ilikuwa inakungoja nje. Kamba nyingine ilikuwa ndani, ungeijuaje.

Ukiandika, iwahi Ijumaa. Baada ya hapo anuani hii ni ya magodoro. Na nakuomba, usianze na neno ninalolijua. Anza na nisilolijua. Hilo nitalisoma mpaka mwisho.

Baba yako